Timu ya chesi ya wasichana ya kaunti hujengwa kuanzia meza ya mwisho

Ukikabidhiwa kazi ya kuunda timu ya chesi ya wasichana ya kaunti, mawazo hukimbilia wale wawili watatu ambao majina yao yanatajwa kila mashindano ya shule yakiisha. Hao hawana taabu. Walimu na wazazi wao watakutafuta wenyewe kabla hujawatafuta. Kazi yenyewe iko mwisho wa orodha: nani ataketi meza ya 9, ya 10, ya 11 na ya 12, na nani atashika nafasi yake akiugua asubuhi ya mechi.

Ili kushinda mechi ya meza 12, yaani wachezaji 12 kila upande na kila mmoja na mpinzani wake, unahitaji pointi 6½ (ushindi ni 1, sare ni ½), na pointi ya meza ya 12 ina uzito uleule wa pointi ya meza ya kwanza. Mwaka 1988, kwenye Olimpiadi ya Chesi mjini Thessaloniki, wanawake wa Hungary walitwaa dhahabu kwa pointi 33, na Umoja wa Kisovieti ukafuata kwa 32½. Nyota wa kikosi aliyeketi meza ya kwanza alikuwa Zsuzsa Polgár, ila mavuno makubwa zaidi yalitoka meza ya pili: mdogo wake Judit, wakati huo ana miaka 12, alipata 12½ katika michezo 13. Nusu pointi iliyoamua ubingwa ingeweza kupotea kwenye meza yoyote. Kwenye ngazi ya kaunti hupotea zaidi chini, kwa sababu huko ndiko kwenye viti vitupu.

Basi anza na hesabu ya watu. Kwa timu ya meza 12, kuwa na wasichana 24 kwenye daftari. Kwa meza 8, kuwa na 16. Mara mbili inaonekana nyingi mpaka mechi iangukie wiki ya mitihani, harusi ya familia moja yenye wachezaji wawili, na safari ya shule. Mwenye orodha ya 14 kwa meza 12 huishia kupiga simu usiku wa kuamkia mechi akimbembeleza mtoto ambaye hajagusa kete kwa miezi mitatu, na huyo mtoto akipigwa kwa dakika kumi harudi tena.

Kuwapata

Barua kwa shule isiulize "nani hodari wa chesi". Ukiuliza hivyo utapewa majina ya wavulana, au jina la msichana mmoja aliyeshinda kombe. Uliza: "Ni wasichana gani wanaojua kete zinavyotembea na wamewahi kumaliza mchezo mzima?" Swali hilo mwalimu analijibu kwa majina sita. Waambie pia kwamba kila msichana anakaribishwa kuja na mwenzake. Msichana anayeingia ukumbi wa watu asiowajua akiwa peke yake huangalia mlango. Wakiwa wawili huangalia ubao. Kama shule imetoa jina moja tu, mpigie mwalimu uulize la pili, hata kama huyo wa pili ni mgeni kabisa wa mchezo.

Fomu ya usajili iwe ukurasa mmoja: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, shule, simu mbili za wazazi au walezi, namba ya uanachama wa shirikisho na kiwango chake kama anacho, ugonjwa au dawa ambazo msimamizi lazima azijue, na sahihi ya mzazi kwa mambo matatu yanayotiwa tiki mojamoja: kusafiri, matibabu ya dharura, na picha. Usiyaunganishe hayo matatu kwenye sahihi moja. Wapo wazazi wanaokubali safari lakini hawataki picha ya mtoto wao mtandaoni, na ukiwalazimisha kuchagua vyote au hakuna, utampoteza mchezaji.

Tarehe ya kuzaliwa iangalie kwa makini. Katika mashindano ya vijana yanayofuata utaratibu wa FIDE, shirikisho la chesi la kimataifa, umri huhesabiwa tarehe 1 Januari ya mwaka wa mashindano: anayecheza chini ya miaka 14 awe hajafikisha 14 siku hiyo. Mashindano mengine hutumia siku nyingine, mara nyingi mwanzo wa mwaka wa masomo. Andika kanuni ya shindano lako juu kabisa ya daftari, kisha weka safu ya "anaruhusiwa mpaka lini" mbele ya kila jina. Timu ikinyang'anywa pointi kwa umri, karibu kila mara kosa ni la karatasi.

Siku ya majaribio

Majaribio ya siku moja yanatosha kuanzia, mradi usiyape uzito yasiyokuwa nao. Raundi tano kwa mfumo wa Uswisi, ambapo kila raundi wenye pointi sawa au zinazokaribiana hukutanishwa, dakika 15 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Hesabu yake ni hii: kwa mchezo wa hatua 60, sekunde 10 mara 60 ni dakika 10, kwa hiyo kila mmoja ana dakika 25 na mchezo mzima huchukua dakika 50. Ongeza dakika 15 za kukusanya matokeo na kupanga raundi inayofuata. Ukianza saa 3:00 asubuhi, raundi ya pili ni 4:05, ya tatu 5:10, mapumziko ya chakula kuanzia saa 6:00, ya nne saa 7:00 na ya tano 8:05. Kabla ya saa 9:00 alasiri umemaliza. Mchezo ukirefuka mpaka hatua 90 huongeza dakika kumi tu, na zile 15 zako bado zinatosha. Usijaribu kubana raundi ya sita. Wadogo huchoka, na matokeo ya mtoto aliyechoka hayakuambii lolote.

Wakiwa idadi ya witiri, usimwache mmoja akae bure na pointi ya kupewa. Mwombe mwalimu au msichana mkubwa aliyemaliza umri wa timu awe mchezaji wa kujazia. Mtoto aliyesafiri saa mbili kuja kucheza akaambiwa "raundi ya kwanza wewe pumzika" anaanza siku kwa kujiona wa ziada.

Sasa lile ambalo waandaaji wengi hawaliangalii. Raundi tano za Uswisi hutenganisha vizuri walio juu kabisa na walio chini kabisa, lakini katikati huacha mchanganyiko. Mwenye pointi 3 na mwenye 2½ wanaweza kuwa sawa kabisa, au hata kinyume, kutegemea waliokutana na nani. Na katikati ndiko unakotaka kuamua: meza ya nne mpaka ya tisa. Kwa hiyo kwenye mazoezi mawili yanayofuata, wachukue wale sita wa katikati wacheze kila mmoja na kila mmoja. Ni michezo 15, raundi 5, mbao tatu tu. Hapo utapata picha unayoweza kumwonyesha mzazi anayeuliza kwa nini binti yake yuko chini ya fulani.

Viwango vya Elo, yaani namba zinazopima uwezo wa mchezaji kwa matokeo yake, vitumie kama ushauri. Kwa hesabu ya Elo, tofauti ya pointi 100 humpa aliye juu matarajio ya takriban 64 katika kila 100, na tofauti ya 200 takriban 76. Lakini hiyo ni kwa viwango vilivyotulia. Mtoto wa miaka 11 anayefanya mazoezi kila siku hukimbia mbele ya kiwango chake. Ndiyo sababu FIDE humpa mchezaji wa chini ya miaka 18 aliye chini ya 2300 kizidishi cha 40 (namba inayoamua kiwango kinapanda au kushuka kwa kasi gani), ilhali mtu mzima wa kawaida ana 20. Tena tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa cha FIDE ni 1400, hivyo wengi wa wasichana wako hawatakuwa nacho kabisa. Cheza nao, watazame wakicheza, uamue.

Mpangilio wa meza

Karibu mashindano yote ya timu yanataka wachezaji wapangwe kwa uwezo, na mengi huweka mpaka: huwezi kumweka mtu juu ya mwenzake anayemzidi kwa pointi kadhaa. Soma mpaka huo kabla ya kuandika jina lolote. Ndani yake una uhuru, nao utumie kwa ajili ya watoto. Msichana anayeketi meza ya kwanza msimu mzima kwenye kaunti dhaifu hupigwa msimu mzima, kwa sababu kila mara anakutana na bora wa upande wa pili. Kama wa kwanza na wa pili wako karibu, wabadilishe mechi moja baada ya nyingine. Kumtoa mtoto kafara meza ya kwanza ili wengine washuke hatua moja kila mmoja ni mbinu ambayo wengi wanaijua, na mahali pengi ni kosa la kikanuni. Hata pale ambapo hakuna kanuni inayoizuia, nasema usiifanye: mtoto anajua kwa nini aliwekwa pale.

Rangi nazo zina mtego wake. Desturi ni kwamba timu iliyotajwa kwanza hupata kete nyeupe kwenye meza za witiri na nyeusi kwenye za shufwa. Mchezaji mmoja akikosekana dakika za mwisho, walio chini yake wote hupanda meza moja, maana kanuni nyingi haziruhusu pengo katikati. Meza tupu lazima iwe ya mwisho. Wanapopanda, kila mmoja hubadilika rangi. Msichana aliyejiandaa wiki nzima kufungua kwa nyeupe anajikuta na nyeusi, na huko ndiko machozi ya saa mbili na nusu asubuhi yanakotoka. Dawa yake ni kumwambia kila mmoja mapema: "Wewe ni meza ya tano, lakini jiandae kwa nyeupe na nyeusi."

Kwa mechi za kirafiki na kaunti jirani, cheza raundi mbili na wapinzani walewale, rangi zikigeuzwa. Malalamiko ya rangi yanaisha, na aliyepoteza mchezo wa kwanza ana nafasi ya kujibu siku hiyohiyo.

Mazoezi ya meza za chini

Mazoezi ya muda wa saa tatu, mara moja kwa mwezi, na mara mbili mwezi wa mechi. Wale wa juu wana makocha na wana programu za kompyuta. Muda wako wape wa chini, na usiutumie kwa ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo. Meza za chini hazipotezi kwa sababu ya ufunguzi. Hupoteza kwa kuacha kete bila ulinzi, kwa kucheza haraka, na kwa kushindwa kumaliza mchezo ambao ushindi tayari uko mkononi.

Hili la kumaliza ndilo linaloumiza zaidi. Msichana ana mfalme na malkia, mpinzani amebaki na mfalme peke yake kwenye kona ya a8. Anasukuma malkia mpaka b6 akidhani amembana. Amembana kweli, kupita kiasi: mfalme mweusi hayuko kwenye cheki, na miraba a7, b7 na b8 yote inalindwa na malkia. Stelmeti, sare, nusu pointi imekwenda. Malkia akiwa c7 matokeo ni yaleyale. Mfundishe amweke malkia d7. Hapo mfalme mweusi amefungiwa kwenye mstari wa mwisho, lakini ana a8 na b8 za kuhangaikia, kwa hiyo hawezi kukwama. Malkia asiguswe tena. Sasa mlete mfalme wako taratibu, hatua kwa hatua, mpaka b6. Mfalme mweusi akiwa a8 au b8, malkia anashuka d8 na ni chekmeti. Au b7, nayo ni chekmeti vilevile. Wachezeshe hivyo wawili wawili, mara kumi, wakibadilishana pande, mpaka mkono uzoee. Kisha mfalme na ngome dhidi ya mfalme, kisha mfalme na askari dhidi ya mfalme. Mambo hayo matatu yana pointi nyingi kuliko ufunguzi wowote utakaowafundisha mwaka huu.

Kuhusu kasi, wape kipimo wanachoweza kukiona kwa macho. Tuseme mechi ni dakika 45 na nyongeza ya sekunde 15. Kufikia hatua ya 20, saa imemwongezea msichana dakika 5. Akiangalia saa yake akakuta inaonyesha zaidi ya 45, maana yake anacheza haraka kuliko hata zile sekunde anazopewa bure. Hiyo ni ishara ya kuweka mikono chini ya mapaja na kujiuliza maswali matatu kabla ya kila hatua: nina cheki gani, naweza kula nini, na yeye anatishia nini? Lile la tatu ndilo wanalolisahau.

Sheria nazo zifanyieni mazoezi kwa mikono, maana kusoma hakutoshi. Kete ukiigusa unaicheza. Kama unataka tu kuiweka sawa, sema "narekebisha" kabla ya kuigusa, na iwe zamu yako. Sare hupendekezwa kwa mpangilio: cheza hatua yako, tamka, kisha bonyeza saa. Hatua isiyo halali katika chesi ya muda mrefu humpa mpinzani dakika mbili, na ya pili hukupotezea mchezo. Askari akifika mwisho na malkia wa ziada hayupo mezani, simamisha saa umwite mwamuzi. Usigeuze ngome kichwa chini, kwa sababu waamuzi huihesabu kuwa ngome hata ukitamka "malkia".

Tena kuna mkono wa pongezi. Mpinzani anasema "chekmeti" kwa sauti ya uhakika, ananyoosha mkono, na msichana mpole anaupokea. Baadaye wanagundua mfalme alikuwa na mraba wa kukimbilia. Mara nyingi mwamuzi atasema mchezo umekwisha, amejisalimisha. Fundisha kila mmoja: hakuna kushikana mikono kabla hujatafuta njia tatu, yaani mfalme kukimbia, kuziba kati, na kumla anayeshambulia. Ukiwa na shaka, inua mkono umwite mwamuzi. Wasichana waliolelewa kutobishana na wakubwa hulihitaji zoezi hili zaidi ya jingine lolote. Cheza wewe nafasi ya mpinzani mwenye kelele, uwafanye wakukatalie.

Vifaa

Mfalme mwenye urefu wa takriban sentimita 9.5 na ubao wenye miraba ya sentimita 5 hadi 6; kete kubwa kwenye ubao mdogo huficha mambo. Kwa meza 12 beba seti 13 na saa 14. Kila mfuko uwe na kete 34: zile 32 pamoja na malkia wa ziada mmoja kwa kila rangi. Zihesabu siku moja kabla, uandike idadi kwenye kipande cha karatasi ndani ya mfuko. Betri za akiba, kalamu 20, fomu za kuandikia hatua zenye nakala, tepu, na orodha ya wachezaji iliyochapishwa, kwa sababu simu huzimika.

Saa za dijitali ndizo zinazoleta shida kuliko kete. Ziko zenye mipangilio zaidi ya ishirini, na ule wa dakika 45 na sekunde 15 unaweza kuwepo karibu na mwingine wa dakika 45 bila nyongeza. Zipange zote mwenyewe, kisha bonyeza kila moja mara mbili uone kama sekunde zinaongezeka. Kosa hili likigunduliwa mchezo ukiwa katikati, mwamuzi atalazimika kurekebisha muda, na watoto wawili watakuwa wameshatoka kwenye mawazo yao.

Safari na usalama

Hapa sina mzaha wala mwanya. Watu wazima wawili kwa uchache kila safari, na mmoja wao awe mwanamke. Wote wawe wamepita ukaguzi unaotakiwa na sheria za mahali penu kwa wanaofanya kazi na watoto. Kocha hamtumii msichana ujumbe peke yake. Ujumbe wote hupitia kundi lenye wazazi. Uchambuzi wa mchezo hufanywa mahali penye watu, au mlango ukiwa wazi. Matokeo yakitangazwa mtandaoni, tumia jina la kwanza na jina la kaunti, bila shule, na bila picha ya yule ambaye mzazi wake hakutia tiki.

Mkoba wa msimamizi uwe na pedi, vidonge vya kila mtoto vikiwa na jina lake na maelekezo ya mzazi, plasta, maji, na namba za simu kwenye karatasi. Waambie wasichana wakubwa pedi ziko wapi, ili asilazimike mtu kuomba mbele ya wengine. Na kwenye kila ukumbi, ukifika tu, tafuta choo cha wasichana kilipo na uwaonyeshe kabla ya raundi. Mchezaji anaweza kwenda chooni hata saa yake ikiendelea, akimwomba mwamuzi ruhusa; wadogo hawajui, hujibana, na huharibu mchezo kwa haraka ya kumaliza.

Mfuko wa nauli uwepo, na umsaidie anayehitaji bila jina lake kutajwa popote. Weka mstari mmoja tu kwenye fomu: "Tungependa msaada wa usafiri." Usiulize sababu.

Siku ya mechi

Fika dakika 45 kabla. Kwenye kanuni za FIDE, shindano lisipotaja muda wa kuchelewa, anayeingia baada ya kuanza amepoteza. Mengi hutoa nusu saa, lakini soma. Kusanya simu zote uziweke kwenye mfuko mmoja nje ya ukumbi, zikiwa zimezimwa. Mchezaji akikutwa na simu mwilini mchezo unaweza kuisha hapohapo, hata kama haikulia.

Nahodha wa timu ana mipaka ambayo wazazi hawaijui, na wengine hukasirika. Hasemi neno kuhusu hali ya ubaoni. Mchezaji akimwuliza kama apokee sare, anaweza kujibu "ndiyo", "hapana", au kumwachia uamuzi, na ni vizuri mwamuzi asikie. Basi. Hata kukunja uso mbele ya meza ni kusema. Kwa hiyo simama nyuma ya mchezaji wako mbali kidogo, angalia, andika kwenye daftari, ondoka. Wazazi wakae chumba kingine baada ya picha ya mwanzo. Waambie hilo kwenye barua ya mwaliko, kabla ya siku yenyewe, ili lisionekane ni la mtu fulani.

Michezo ya meza za chini huisha kwanza, wakati mwingine ndani ya nusu saa, na ya juu huendelea saa mbili. Pasipokuwa na chumba cha pili chenye mbao na mtu mzima, waliomaliza hurudi ukumbini kuzurura na kunong'ona. Weka mbao nne nje. Aliyeshindwa mwache kwanza anywe maji. Akiwa tayari, mwulize: "Ni wapi ulifikiri kwa muda mrefu zaidi?" Swali hilo linamrudisha kwenye mawazo yake mwenyewe, naye hukuonyesha mahali alipoona ugumu. Ukianza na "mbona uliacha ngome?" amefunga masikio.

Kila matokeo yaandikwe na kutiwa sahihi na wachezaji wote wawili, kisha nawe uyahamishe kwenye karatasi ya mechi ukiwa umesimama mezani. Watoto hukosea kuandika nani alishinda mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa mwenye nyeusi, ambaye huandika 1–0 akimaanisha yeye.

Baada ya mechi

Jioni hiyohiyo tuma matokeo kwa wazazi wote, meza zote, siyo majina ya washindi tu. Jaza daftari: tarehe, meza, rangi, mpinzani, matokeo, na neno moja la sababu, kwa mfano "muda", "ngome bure", "stelmeti". Baada ya mechi nne utaona sababu ileile ikijirudia kwa watu walewale, na ratiba ya mazoezi imejiandika.

Wale ambao hawakucheza wapigie wao kwanza wiki inayofuata. Msichana wa 15 kwenye orodha asipopata mchezo kwa miezi miwili ameshaondoka, hata kama jina lake bado lipo. Timu ya pili ndiyo dawa: wa 13 hadi 24 wacheze na timu ya pili ya jirani, au na klabu ya shule, kwa kanuni zilezile na karatasi zilezile. Waliopita umri wape kazi ya unahodha wa timu hiyo, na uwape madaraka kamili ya kupanga meza.

Na usikubali timu ya wasichana iwe sababu ya kuwatoa kwenye timu ya wazi, ile inayochanganya wanaume na wanawake. Judit Polgár, baada ya dhahabu mbili za wanawake, alichezea timu ya wazi ya Hungary kuanzia Olimpiadi ya 1994, na akapata nayo medali ya fedha mwaka 2002 na 2014. Msichana wako wa meza ya kwanza akistahili kiti kwenye timu ya wazi ya kaunti, akipate, na tarehe za timu hizo mbili zipangwe zisigongane. Kama mpangaji wa ile nyingine ni mtu mwingine, kaeni na kalenda moja mwanzoni mwa msimu. Ukisubiri mpaka katikati, atakayeambiwa achague ni mtoto.